Subirini ile "ila": kwa wadadisi wapya mnaoanza Tanga

Siku yangu ya kwanza ya udadisi niliketi kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, katika kituo kimoja cha afya hapa mkoani, nikahoji watu kumi na mmoja, kabla ya adhuhuri, kuhusu huduma waliyoipata. Wote kumi na mmoja walikuwa "wameridhika sana". Nesi wa zamu alikuwa akipita nyuma yangu na shada la funguo, na kila zilipolia, mhojiwa alishusha sauti. Jioni nikamkabidhi msimamizi kazi yangu kwa furaha.

Kesho yake nikakutana ndani ya daladala na mama mmoja katika wale kumi na mmoja. Nikampa shikamoo, akanipisha nafasi. Kabla hatujafika Pongwe alikuwa amekwisha kuniambia kwamba ile ya jana ilikuwa mara yake ya tatu kufuata dawa ileile ya presha, kwamba mara mbili za kwanza aliambiwa hakuna, kanunue, na kwamba alipouliza zitakuja lini alijibiwa kwa ukali mpaka foleni nzima ikageuka kumtazama. Nikamuuliza, "Mama, mbona jana hukusema?" Akajibu, "Mwanangu, na mwezi ujao nitakwenda wapi?"

Wadogo zangu, mmepewa kazi ya kuchunguza kama yale yanayomfika mgonjwa hospitalini yana uhusiano na namna anavyoridhika na maisha yake. Ni kazi nzuri na naipenda kwa moyo wote, maana inamchukulia mgonjwa kama mtu mwenye nyumba, watoto na kesho yake. Lakini pande zote mbili za swali hili, huduma na maisha, huja kwenu zimefunikwa na adabu. Mkiandika adabu mkadhani mmeandika habari, hata mtakwimu hodari hataweza kuwaokoa.

Anzeni kwa kuliweka kando neno "kuridhika" mnapouliza habari za hospitali. Mtu aliyezoea kukosa huridhika na kidogo, na aliyezoea kupata hulalamikia kikubwa. Ulizeni kilichotokea. Ulifika saa ngapi, ukaonwa saa ngapi? Aliyekuhudumia alikueleza unaumwa nini? Alikuuliza unaonaje kabla ya kuamua? Kuna mtu mwingine aliyesikia mliyozungumza? Uliondoka na dawa zote zilizoandikwa kwenye cheti, na ambazo hukupata ulizinunua wapi, kwa fedha ya nani? Hili la mwisho lichimbeni mpaka chini. Akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, kwa mujibu wa sera, hawatakiwi kulipia huduma katika vituo vya serikali. Ukiuliza tu "ulilipa?" utaambiwa hapana. Ukiuliza "siku ile ilikugharimu nini?" utasikia habari za bodaboda ya usiku, za glavu zilizonunuliwa dukani, za mkopo wa kikoba ambao haujaisha hadi leo. Hapo ndipo hospitali inapoingia kwenye maisha.

Shirika la Afya Duniani, katika Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2000, lilisema kwamba mfumo wa afya upimwe pia kwa jinsi unavyomtendea mtu: kumheshimu, kumtunzia siri, kumshirikisha katika maamuzi, kumhudumia bila kumchelewesha, kumweka mahali pasafi, kumruhusu ndugu zake wawe karibu, kumwachia achague wa kumhudumia. Dodoso nyingi mtakazopewa zimetokana na orodha hiyo. Zijueni kwa moyo, kisha zisemeni kwa Kiswahili cha barazani. "Faragha" mama wa Mabawa anaweza asiielewe papo hapo, lakini "kuna mtu aliyekuona bila nguo zaidi ya waliokuhudumia?" ataielewa, na atajibu.

Kuhusu mahali pa kuulizia, mkoa wetu wenyewe una ushahidi ambao kila mdadisi wa hapa aujue. Wilaya za Korogwe na Muheza zilikuwa na utafiti, chini ya mradi uliopewa jina la Staha, kuhusu utu wa wanawake wakati wa kujifungua. Wanawake 1,779 waliulizwa walipokuwa wanaruhusiwa kutoka kituoni, na 593 kati yao wakafuatwa nyumbani wiki chache baadaye. Getini, takriban asilimia 19 walisema walitendewa vibaya au kudharauliwa. Nyumbani, ikawa takriban asilimia 28. Uzazi ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mama yuko kwenye mkeka wake, mtoto yuko hai mkononi, hofu na shukrani za siku ile zimepoa, na amekwisha kuyasimulia kwa dada yake na kusikia kwamba haikuwa haki. Basi mkiweza, nendeni nyumbani. Mkilazimika kuulizia kituoni, sogeeni mbali na dirisha la dawa, chini ya mti, mgongo wa mhojiwa ukiwaelekea wahudumu ili asiwe anawachungulia.

Ukienda nyumbani, usiende saa ya mapishi wala karibu na sala, na Ijumaa mchana iache kabisa. Mkwe akija kuketi nanyi, zungumzieni bei ya samaki mpaka aondoke.

Sasa upande wa maisha. Wengi wenu mtapewa ile ngazi ya mwanasaikolojia Hadley Cantril, ya mwaka 1965: mtu anaonyeshwa ngazi yenye hatua kuanzia 0 mpaka 10, ya juu ni maisha bora kabisa anayoweza kuyawazia, ya chini ni mabaya kabisa, kisha anaulizwa leo yuko hatua gani. Wengine mtapewa sentensi tano za kuridhika na maisha, za Ed Diener na wenzake, za mwaka 1985, ambazo mtu anasema anakubaliana nazo kiasi gani kuanzia 1 hadi 7, jumla ikawa kati ya 5 na 35. Vyote ni vipimo vinavyoheshimika, lakini vinahitaji mdomo wa mtu anayejua lugha. Mzee mmoja wa Ngamiani, barabara za juu huko, niliyemwonyesha ngazi alikaa akaitazama muda mrefu, akaweka kidole hatua ya nane, kisha akakishusha taratibu mpaka ya tatu. "Nilifika hapa," akasema, "sasa nateremka, mjukuu wangu." Alidhani namuuliza umri. Kama ningeandika tatu na kuendelea, ningemfanya fukara wa furaha mtu ambaye, nilipomweleza upya, alijiweka saba na kunitajia wajukuu wake mmoja mmoja. Tangu siku hiyo kila mhojiwa wangu hunieleza kwanza, kwa maneno yake, ngazi ile ni ya nini.

Halafu kuna "alhamdulillah". Kwa mwenyeji wa pwani, kuridhika ni ibada. Ukimuuliza kama ameridhika na maisha yake unamuuliza, kwa sikio lake, kama anamshukuru Mungu. Atakujibu ndiyo hata kama jana amelala njaa, na hadanganyi. Vilevile salamu: sisi tukiulizwa habari hujibu nzuri hata tukiwa tumelazwa, kisha ndipo tunasema "ila". Habari yenyewe iko baada ya ila. Mdadisi mwenye haraka hugonga kishikwambi kwenye "nzuri" na kusonga mbele. Nyinyi nyamazeni kidogo, macho yenu yatoke kwenye skrini, mtaisikia.

Mpangilio wa maswali nao una mambo. Mwaka 1988 wanasaikolojia Fritz Strack, Leonard Martin na Norbert Schwarz walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa Marekani. Swali la furaha ya maisha likitangulia, majibu yake hayakuwa na uhusiano wa maana na swali la mara ngapi mtu anatoka na mchumba. Walipogeuza, la mchumba likatangulia, uhusiano ukapanda mpaka 0.66, na 1 ndio uhusiano kamili. Waliorudia baadaye hawakupata kishindo kile kila mara, lakini tahadhari haigharimu kitu. Ukimtoneshea mtu kidonda cha foleni kwa dakika ishirini, kisha ukamuuliza maisha yakoje, atakujibu habari ya foleni. Maisha yaulizwe mwanzo, kabla hamjataja hospitali. Kama dodoso mliyopewa imepangwa kinyume, semeni mapema, kabla ya mtu wa kwanza kuhojiwa.

Mtakaofika kwenye uchambuzi, msikimbilie kusema huduma nzuri huleta maisha ya kuridhisha. Mtu anayelala na maumivu ya mgongo kwa miaka mitano ataweka maisha yake chini kwenye ngazi, na huyohuyo amekwenda hospitali mara nyingi, na kila safari ni nafasi nyingine ya kukwazwa. Ugonjwa umesimama katikati, unavuta kamba zote mbili. Kipato nacho hivyohivyo. Na kuna mtu mkunjufu wa moyo ambaye kila kitu kwake ni kizuri, nesi na nyumba na mvua. Ndiyo maana mnauliza hali ya afya, umri, kipato na idadi ya safari, na ndiyo maana kuwarudia watu walewale baada ya miezi kadhaa kuna thamani kuliko kuhoji wapya mara mbili. Kumbukeni pia wale ambao hamtawakuta kituoni kamwe, waliokata tamaa wakahamia duka la dawa muhimu au kwa mganga. Hao wana la kusema kuliko wote.

Kwa niliyoyaona mwenyewe, uhusiano huu haulingani kwa kila mtu. Kijana aliyeshonwa kidole mara moja husahau. Mwenye kisukari, mwenye presha, anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, yeye hospitali ni sehemu ya mwezi wake kama kodi ya nyumba, na sauti ya mtu mmoja dirishani inaweza kumharibia siku mbili kabla ya tarehe na siku mbili baada yake. Msiwachanganye hawa na wa kwanza katika wastani mmoja.

Na siku moja mtu atawaambia jambo zito: alipigwa wakati wa uchungu, au alidaiwa fedha isiyo na risiti. Dodoso haina kisanduku cha kumaliza hilo. Acheni kuhoji, msikilizeni mpaka mwisho. Msimwahidi kwamba mtamchukulia hatua mtu, wala msipeleke jina lake popote bila ruhusa yake. Kabla hamjaondoka mjini asubuhi ile hakikisheni mna namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo mnalokwenda, imeandikwa kwenye karatasi ndogo ambayo mtu anaweza kuificha ndani ya fundo la kanga.