Muulize Shangazi: Kiinua mgongo nikapandie Kilimanjaro?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 44. Kampuni niliyoitumikia muda mrefu imetupunguza kazini, na kiinua mgongo kimeshaingia benki. Rafiki yangu aliyepanda Kilimanjaro ananiambia nikatembee mlimani siku kadhaa, nitarudi mtu mwingine na akili itatulia. Nafikiria kulipia safari ya njia ya Machame. Nilipomweleza mke wangu hakupinga, alinyamaza tu akaendelea kukunja nguo. Umewahi kuandika hapa kwamba tangu ustaafu uuguzi unatembea milimani. Je, ni kweli mlima unafundisha maisha? Na nianzie wapi?
Baba wa Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kazi.

Huyo rafiki yako ametia chumvi. Mtu aliyepanda mlima akarudi mtu mwingine mimi sijamwona. Nimeshuka Kilimanjaro na watu waliolia kwa furaha kileleni, na tulipofika stendi ya Mbezi wakagombana na bodaboda kwa ajili ya shilingi mia tano, kama kawaida yao. Deni ulilopanda nalo utashuka nalo. Hata ile "pole pole" wanayoiandika kwenye fulana haikutungwa kuwa hekima. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta hapa pwani. Ukikimbia unaanguka, basi.

Lakini kipo kitu nilichokiona kule na bado nakitumia nyumbani kwangu. Tulikuwa njia ya Marangu. Ukitoka kambi ya Horombo kwenye mita 3,720 kwenda kambi ya Kibo, unavuka uwanda mpana mkavu, kilele cha Mawenzi mkono wa kulia, kilele cha Kibo mbele yako, na kwa saa nzima huoni kama umesogea. Kundini alikuwamo mama mmoja wa Mbagala aliyelalamika tangu getini: viatu vinabana, supu haina chumvi, choo kiko mbali. Alikuwamo pia baba mmoja wa Kariakoo, mzungumzaji ajabu, aliyetupigia stori za Yanga siku mbili mfululizo, hata wa Simba tukacheka.

Sote macho tulimkazia mama, tukijua huyu ndiye hatafika. Aliyeona kinyume ni mpagazi, kijana mwenye mzigo kichwani ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Alimwambia kiongozi, "Mzee wa Yanga hajaongea tangu chai." Kiongozi akamsimamisha, akamtaka atembee kwa kufuata mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akayumba. Mwenyewe akasisitiza yuko sawa, ni uchovu tu.

Huo si uchovu. Mtu akiyumba na kuanza kuchanganyikiwa kwenye kimo kile, huenda ubongo unavimba, na tiba ya kwanza ni kumshusha papo hapo, hata kama ni usiku. Wapagazi wawili wakamrudisha chini bila mjadala. Kesho yake, tukishuka, tulimkuta Horombo na sahani ya ugali, anauliza nani kafika. Mama wa Mbagala alifika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, akiulalamikia upepo.

Wodini tulifundishwa hivyo hivyo. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Aliyenyamaza, mkimbilie. Ila kwa watu wazima wenye afya zao tunafanya kinyume: mwenye kelele tunamshughulikia, aliyekaa kimya tunashukuru kwamba hana shida.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umenieleza mlima, njia, rafiki na benki. Mkeo umempa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo amenyamaza. Wewe umesoma kwamba amekubali. Mimi nasoma kwamba anapiga hesabu: kodi ya nyumba ya miezi sita, ada za watoto wawili, na mume anayetaka kuzitumia hela za mwisho kwenda kulala kwenye hema. Huenda ninakosea. Utajuaje bila kumuuliza?

Kwa hiyo Machame iache kwa sasa. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kiongozi, na njia ile ni ya mahema, kwa hiyo unalipia pia mpishi na wapagazi. Hata kwa kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo kuliko cha wageni, bado ni hela nyingi kwa mtu asiye na mshahara. Mlima hauhami.

Watoto wapelekeni kwa bibi yao. Pandeni treni ya SGR ya asubuhi mpaka Morogoro, safari haichukui hata saa mbili, kisha mtafute kijana wa kuwaongoza mpande Uluguru kwa miguu hadi Morningside. Mkeo atangulie, wewe ukae nyuma. Milimani anayekwenda taratibu ndiye huwekwa mbele, mwendo wake unakuwa wa wote. Usianze na "una nini?" Saa ya kwanza mtaongea habari za watoto na majirani. Watu wanaotembea hawatazamani machoni, na maneno mazito hupenda kutoka hapo. Akianza, usimkatize, na usijitetee.

Mkishaelewana kuhusu hela na bado mna hamu, nendeni Usambara. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni mwendo wa siku kadhaa, mnalala vijijini, mnapita mashamba ya kabichi na msitu, na mwisho wake mnasimama ukingoni tambarare ya Mkomazi ikiwa chini yenu. Basi mnapanda hapo Mbezi, linapita Segera na Mombo kisha linaanza kona za mlimani. Kama ni Juni au Julai, chukueni masweta ya kweli. Wa Dar mnadhani baridi ni kiyoyozi.

Viatu tafuta mtumba pale Karume. Viwe na soli yenye meno, na vizidi kidogo namba yako, maana wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Vivae kwanza mtaani wiki mbili tatu. Vya mkeo mwache achague mwenyewe.