Maharage kubunguliwa, kuchelewa kuiva na kuharibu sufuria: ninavyofanya nyumbani kwangu

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba maharage uliyoletewa kutoka shambani yametoboka ndani ya miezi miwili, kwamba yaliyosalia yanakula mkaa mchana kutwa bila kulainika, na kwamba sufuria yako ya alumini imekuwa nyeusi kwa ndani tangu ulipoanza kuyatia magadi. Matatizo hayo yote matatu yalinikuta hapa Dar es Salaam, kwa kuwa mama mkwe wangu hututumia madebe mawili ya maharage kutoka Mbozi kila baada ya mavuno, na msimu wa kwanza nilimwaga karibu nusu yake. Iliniuma sana, kwa sababu nilijua jasho lililomwagika kuyapata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba wadudu waliyakuta maharage humu ndani. Mdudu wa maharage huweza kutaga mayai tangu yangali shambani yakikaukia kwenye maganda. Funza wake hujichimbia ndani ya punje, na kile kitundu cha mviringo unachokiona ni mlango aliotokea, si alioingilia. Ndiyo maana mzigo huweza kufika ukiwa safi kabisa, kisha baada ya takriban mwezi mmoja wa joto la pwani ukaanza kuacha unga chini ya mfuko. Kuanika juani huwafukuza wale wakubwa wanaotembea juu, lakini waliomo ndani ya punje hubaki salama, nawe unarudisha mfuko stoo ukiamini umemaliza kazi.

Kinachowamaliza ni kukosa hewa. Nachukua madumu ya lita tano yaliyokauka vizuri, nayajaza maharage hadi shingoni huku nikiyatikisatikisa ili yashikamane, naweka kipande cha nailoni juu ya mdomo na kukaza kifuniko. Wadudu waliomo huimaliza ile hewa kidogo iliyobaki na kufa kabla hawajaharibu kitu cha maana. Mifuko maalumu ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, nayo inafaa zaidi kwa mwenye magunia. Mimi napenda madumu madogo kwa sababu kila ukifungua chombo unaingiza hewa mpya. Dumu moja likiwa la kutumia, mengine hukaa yamefungwa bila kuguswa.

Lakini usifungie maharage yenye unyevu, kwani yataota ukungu. Kipimo changu ni chupa ya glasi iliyo kavu kabisa: natia maharage robo ya chupa, naongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, nafunga, natikisa kwa dakika moja na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, maharage yanarudi juani juu ya turubai. Ikishuka yote chini, yako tayari. Mwenye friza anaweza pia kuyagandisha kilo mojamoja kwa siku nne au tano, ila akiyatoa ayaache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka yarudi kwenye joto la kawaida, la sivyo yatatoka jasho. Kuhusu vile vidonge vya kufukiza vinavyouzwa kwa ajili ya maghala, nakusihi usiviweke ndani ya nyumba mnamolala, kwa sababu gesi yake huua watu kama inavyoua wadudu.

Sasa tuje kwenye kuiva. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kuiva hata yakiwa hayana mdudu, kwa hiyo pika ya zamani kwanza na usisubiri. Jambo la pili ni maji. Maji ya kisima chetu hayatoi povu la sabuni kwa urahisi na huacha ukoko mweupe ndani ya birika; madini hayohayo ndiyo yanayoyafanya maharage yakatae kulainika. Nilipoanza kuyaloweka usiku kucha na kuyapika kwa maji ya mvua, nilishangaa kuona kiasi cha mkaa kinachobaki jikoni. Asubuhi namwaga yale maji ya kulowekea, jambo ambalo pia hupunguza gesi tumboni, kisha nayachemsha kwa moto mkali usiopungua dakika 10 kabla ya kuupunguza. Usiruke hatua hiyo, hasa kwa maharage mekundu, kwani yana sumu ya asili ambayo mchemko hafifu hauiondoi. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje hadi punje ibonyee kwa vidole viwili, kwa kuwa uchachu ukitangulia huikaza.

Magadi hulainisha kweli, siwezi kukataa, lakini huharibu vitamini B1 na ndiyo yaliyoitia weusi sufuria yako, kwa maana alumini haipatani nayo. Usiisugue kwa stiliwaya, maana utaikwaruza bure. Ijaze maji hadi weusi unapofikia, kamulia ndimu tatu au nne pamoja na kutumbukiza maganda yake, uchemshe kwa robo saa. Utaona weusi unafifia taratibu kuanzia pembeni, na baada ya hapo kitambaa na sabuni vinatosha. Ukoko mweupe wa birika nao huondoka kwa dawa hiyohiyo. Ila usichanganye kamwe ndimu au siki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu.

Na siku maharage yakiungua, usikoroge. Epua mara moja, chota ya juu polepole uyahamishie kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini, uongeze maji ya moto na kuendelea kupika. Ile ya kwanza itie maji ikiwa bado ya moto, ifunike, na uiache mpaka jioni; ukoko utabanduka kwa mwiko wa mti.