Maswali yenu kuhusu Wicca, kutoka daftari la siri mpaka kwenye simu

Wiki iliyopita niliandika kidogo kuhusu jirani yangu hapa Uingereza, mama wa miaka sitini na kitu, muuguzi mstaafu, ambaye dini yake ni Wicca, na jinsi alivyonikaribisha jikoni kwake akanieleza mambo yalivyokuwa alipoingia na yalivyo sasa. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, mengine makali. Nimechukua saba, nimeyafupisha, nitajibu moja moja.

Dada, si useme tu ni uchawi, mbona unazungukazunguka? (Tanga)

Sizunguki ndugu yangu, tatizo ni neno. Wao kwa Kiingereza wanajiita witch, sisi tukitafsiri tunapata mchawi, na mchawi kwetu hana upande mzuri hata kidogo, ni yule anayeroga mtoto wa jirani, anayepaa na ungo usiku, anayecheza uchi makaburini. Mwenye dawa ana jina lake, ni mganga. Sasa Wicca haikai vizuri kwenye neno lolote kati ya hayo mawili. Ni dini, ina mungu wa kike anayehusishwa na mwezi na mungu wa kiume mwenye pembe, wanakusanyika mwezi ukiwa mpevu, wana sikukuu za majira ya mwaka. Shetani hawana kabisa kwenye imani yao. Kuna mambo ya kuwasha mshumaa kwa nia fulani au kumwombea mgonjwa apone, na kuna kanuni moja wanayoijua karibu wote, kwamba fanya upendalo maadamu humdhuru mtu.

Na nikwambie kwa nini niko makini hivi. Kule Shinyanga na Mwanza kuna bibi zetu wameuawa kwa mapanga kisa macho mekundu, macho yaliyoharibika kwa moshi wa kuni miaka hamsini, na Kilifi kuna wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo huku watu wanajua kabisa ugomvi ulikuwa wa shamba. Neno hili kwetu lina damu. Silitumii hovyo, iwe kwa jirani yangu au kwa mtu mwingine.

Nimeona vidio inasema Wicca ni dini ya kale kuliko Ukristo, ilifichwa tu. Ni kweli? (Mombasa)

Hapana, na hapa ndo pamebadilika sana kwenye mafundisho yao. Mtu aliyeileta hadharani ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa 1884, sehemu kubwa ya maisha yake akafanya kazi Asia, mashamba ya chai na mpira, alafu afisa wa forodha Malaya, akastaafu 1936 akarudi kwao. Alisema kwamba mwaka 1939 aliingizwa kwenye kikundi cha siri maeneo ya New Forest, kusini mwa Uingereza, kilichokuwa mabaki ya dini ya kale. Sheria ya uchawi ya 1735 ikafutwa 1951, na 1954 akatoa kitabu chake cha kuelezea dini yenyewe. Utangulizi aliandikiwa na Margaret Murray, msomi aliyekuwa anadai kwamba wale waliouawa zamani Ulaya kwa uchawi walikuwa wafuasi wa dini moja ya siri.

Basi miaka mingi wafuasi walifundishwa hivyo. Walifundishwa pia kwamba waliuawa watu milioni tisa, wakati wanahistoria wanaweka hesabu kwenye elfu arobaini mpaka elfu sitini hivi, na hapo England wengi walinyongwa, hawakuchomwa. Nadharia ya Murray wanahistoria waliiangusha, alafu 1999 Ronald Hutton wa chuo kikuu cha Bristol akatoa kitabu kinene kinachoonyesha vipande vilikotoka, ngazi za kupanda kama za Freemason, mashairi ya karne ya 19, maandishi ya Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa mambo ya nguvu za siri, vitabu vya uganga wa zamani. Wapo waliokasirika. Lakini jirani yangu ananiambia koveni yake, yaani kikundi chake, sasa hivi mgeni anaambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba dini hii ni changa, imeshonwa na watu wanaojulikana kwa majina, karne ya 20. Mi hilo nimelipenda mno. Ni dini ngapi zinaweza kusimama mbele ya mgeni zikasema hapa tulikosea historia yetu wenyewe?

Mtu anaingiaje? Kuna shule au unasoma tu mwenyewe? (Dodoma)

Hili ndo swali lenyewe, vumilia nitakuwa mrefu.

Zamani huingii mwenyewe, unaingizwa. Unamtafuta mwenye koveni, na kumpata ilikuwa kazi kwelikweli maana watu walificha wasifukuzwe kazi. Akikukubali unakaa unajifunza, kwa wengi ni mwaka na siku moja, alafu unaingizwa ngazi ya kwanza kwa kiapo. Ngazi ni tatu, na kuna vikundi ukifika ya tatu ndo unaruhusiwa kwenda kuanzisha koveni yako. Watu kwenye koveni ni wachache, kumi na tatu ndo idadi inayotajwa lakini mara nyingi hawafiki.

Na kitabu hukinunui, unakinakili. Wanakiita Kitabu cha Vivuli, kina maneno ya ibada na mpangilio wake, na unakinakili kwa mkono wako kutoka kwenye nakala ya mwalimu wako. Jirani yangu alinionyesha chake. Ni daftari gumu jeusi, pembe zimelika, limevimba kwa sababu kuna kurasa zimemwagikiwa nta ya mshumaa. Kwa sababu ya kiapo alinifungulia ukurasa mmoja tu, wa maneno ambayo yameshachapishwa zamani na kila mtu anayajua, wa pembeni yake akaufunika kwa kiganja muda wote tunaongea. Kwenye ule ukurasa kuna neno limekatwa, juu yake limeandikwa jingine. Nikamuuliza ulikosea? Akasema hapana, mwalimu wangu ndo alikosea, na mimi nikanakili mpaka mkato wake, na niliowafundisha mimi nao wanao mkato huo. Mwalimu alimtaka kwanza asome sentensi kwa sauti ndo aandike, na ilimchukua Jumapili za miezi minne. Mi nilikumbuka chuoni madrasa, ubao, wino, na mwalimu haendi mbele mpaka herufi imekaa.

Sasa ilibadilikaje. Raymond Buckland aliingizwa 1963 huko Perth, Scotland, na watu wa Gardner, akaipeleka Marekani, New York. Kwa muda alifuata utaratibu wa kuingizwa na ngazi, lakini watu waliokuwa wanamwandikia wakitaka kujiunga walikuwa wengi kuliko koveni zilizokuwepo, kwahiyo 1973 akaanzisha tawi lake, Seax-Wica, ambalo mtu anaweza kujiweka wakfu mwenyewe bila wa kumwingiza. Huo ndo mlango ulipofunguka. 1988 akaja Scott Cunningham na kitabu kidogo rahisi kwa ajili ya mtu anayefuata peke yake, hana koveni, ana chumba na mshumaa na bakuli la maji ya chumvi, na hicho kitabu kilisambaa vibaya sana. Miaka ya tisini mwishoni vikaja vitabu vya vijana wa sekondari, alafu intaneti, sasa hivi ni vidio za dakika moja kwenye simu.

Matokeo yake wanaofuata peke yao, bila kikundi, wamekuwa wengi mno, na wengi wao hawajawahi kushika daftari la mtu. Kilichopatikana ni kikubwa, usikidharau. Binti wa kijijini, mlemavu asiyeweza kusafiri, mtu ambaye ndugu zake wangemfukuza, wote wamepata njia. Na kuna faida nyingine haisemwi sana, mwalimu mbaya alikuwa anaweza kuwatesa watu kwa sababu yeye ndo mlango pekee, sasa unamwacha unaondoka zako.

Lakini mi naona kilichopotea ni mtu wa kukurekebisha. Ile duara wanayochora kabla ya ibada, wanaanzia mashariki, wanazunguka na chumvi na maji alafu ubani, kwenye vidio unaona inavyofanyika ila hakuna wa kukwambia umeharakisha, rudia. Jirani yangu alisema kitu kimenikaa, kwamba mwaka wake wa kwanza alifundishwa kukaa kimya na kufagia sebule tu, na alichukia, na sasa anaona ndo somo lililomshika kuliko yote.

Hizo sikukuu za majira, mtu wa Nairobi atafanyaje na huku kwetu hakuna majira ya baridi na theluji? (Nairobi)

Umeuliza vizuri, na wenyewe wanaliuliza. Sikukuu ni nane, wanaita gurudumu la mwaka. Hazikuwa nane zimekaa pamoja tangu mwanzo, koveni ya Gardner pale Bricket Wood ndo iliziunganisha mwaka 1958, na majina kama Litha na Mabon yamewekwa na Mmarekani Aidan Kelly 1974, kwahiyo ukisikia mtu anaapa Mabon ni jina la kale la sikukuu, msahihishe kwa upole. Walioko Australia na New Zealand wengi wamegeuza kalenda yote, ile ya Desemba wanaifanya Juni, maana huwezi kusherehekea jua kurudi huku unaungua nalo. Ikweta hata kugeuza hakusaidii, mchana na usiku wako karibu sawa mwaka mzima. Kuna walimu siku hizi wanafundisha uanze na ardhi unayoikanyaga, na kwa maoni yangu hao wako sahihi, kwetu huku gurudumu ni masika na vuli, kaskazi na kusi.

Ni kweli wanawake ndo wanaongoza? (Bujumbura)

Kwa sehemu kubwa kuhani mkuu wa kike ndo kichwa cha koveni, ndiyo. Lakini haikuwa raha tupu. Doreen Valiente aliingizwa 1953, na aligundua kwamba maneno mengi ya ibada ya Gardner yametoka kwa Crowley. Alipomwambia, Gardner akamjibu kama unaweza kufanya vizuri zaidi basi fanya, akakaa akaandika upya, na maneno anayosema mungu wa kike kwenye ibada zao mpaka leo ni kazi ya kalamu yake. 1957 wakagombana, yeye hakutaka mambo yapelekwe magazetini, Gardner akatoa sheria alizosema ni za kale, mojawapo ikisema kuhani wa kike akizeeka ampishe kijana. Valiente akaona hizi zimetungwa juzi, akaondoka na wenzake. Mi namheshimu sana huyu mama. Alifariki 1999, na jengo alilokaa Brighton limewekwa kibao cha kumbukumbu 2013.

Baadaye huko Los Angeles, 1971, Z. Budapest akaanzisha koveni ya wanawake peke yao, na 1979 mwandishi Starhawk wa San Francisco akaja na mtindo wa vikundi visivyo na vyeo, maamuzi kwa makubaliano, na maandamano ya mazingira yakihesabiwa kama sehemu ya dini. Mvutano wa sasa ni kuhusu yale mafundisho ya mume na mke, kwamba nguvu inatoka kwenye jozi hiyo. Mwaka 2011 kwenye mkutano wao mkubwa California wanawake waliobadili jinsia walizuiwa mlangoni kwenye ibada moja ya wanawake, na ubishi ule umefanya koveni nyingi ziandike upya namna wanavyofundisha.

Serikali zinaitambua? (Kampala)

Marekani mahakama ya rufaa ilisema 1986 kwamba ni dini, kesi ya mfungwa Virginia, na tangu 2007 mwanajeshi wa Wicca akifariki anaweza kuwekewa nyota yao ya ncha tano ndani ya duara kwenye kaburi, baada ya wajane kupambana miaka. England na Wales sensa ya 2021 ilihesabu kama watu elfu kumi na tatu waliojiandika Wicca.

Kinachoniuma ni hiki. Waingereza walifuta sheria yao ya uchawi 1951, lakini zile walizotuletea sisi, Kenya 1925, Tanganyika 1928, tukabaki nazo hata baada ya wao kuondoka.

Dada shikamoo. Kuna mtu kwenye grupu la Telegram anasema atanifundisha Wicca na kuniingiza kwa riali 40. Nilipe? (Muscat)

Marahaba mdogo wangu. Usilipe. Kwenye matawi ya zamani, la Gardner na yale yaliyotokana nalo, kuingizwa hakuuzwi, ni mwiko. Nilimsomea jirani yangu swali lako, akasema yeye mwaka mzima alichopeleka kwa mwalimu wake ni mkate na maziwa ya chai, zamu kwa zamu na wenzake. Kama bado una hamu ya kumpima huyo mtu, muulize aliingizwa na nani, na huyo aliingizwa na nani. Jirani yangu nilipomuuliza alinitajia mmoja mmoja mpaka akafika kwa Gardner, watu watano, huku anaosha vyombo.