Meno ya kahawia tangu yachomoze: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Maswali mengi safari hii yanahusu ugonjwa wa kurithi unaoharibu enameli, lile gamba gumu la nje la jino. Kitaalamu unaitwa amelojenesisi imperfekta.

Mama, Ujiji: Mwanangu ana miaka 7. Meno ya utotoni yalitoka ya njano yakamegeka, na ya ukubwani yanatoka vilevile. Akinywa maji baridi analia. Baba yake naye yuko hivyo. Mwalimu anasema mtoto hapigi mswaki.

Mama, mwanao si mchafu, wala wewe hujakosea malezi. Enameli hujengwa jino likiwa bado ndani ya ufizi, na ikikomaa huwa na madini takriban asilimia 96. Kazi hiyo huongozwa na jeni kadhaa, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, zikiwemo AMELX, ENAM na FAM83H. Moja ikiwa na kasoro, enameli hutoka nyembamba mno, au laini ikabanduka mtoto anapotafuna. Chini yake ipo dentini, ya njano, yenye vitundu vidogo vinavyopeleka ubaridi hadi kwenye neva. Ndiyo sababu analia.

Kinachonifanya niushuku ugonjwa huu ni kwamba umeshika meno ya utotoni na ya ukubwani, na baba anao. Mpeleke kitengo cha meno, Hospitali ya Maweni, mapema, kabla magego yake ya kwanza ya ukubwani hayajasagika. Kwa kawaida magego huvalishwa kofia za chuma, meno ya mbele hufunikwa kwa resini, aina ya plastiki ngumu yenye rangi ya jino, na hupakwa floridi, madini yanayoimarisha enameli. Kofia za kudumu husubiri taya ziishe kukua. Nyumbani atumie mswaki laini na maji ya uvuguvugu, kwa sababu mtoto anayeumia huukimbia mswaki, kisha fizi zikavimba.

Na mwalimu mweleze haya yote, tafadhali. Mtoto anayechekwa darasani huufunga mdomo hata kwa swali analolijua.

Kijana, Kasulu: Nikisugua kwa mkaa na ndimu yatatakata?

Usithubutu. Mkaa unakwangua, ndimu inayeyusha, na enameli ikiondoka hairudi: seli zinazoijenga hufa jino linapochomoza. Maembe mabichi ya chumvi na pilipili nayo yapunguze, ingawa najua tunavyoyapenda.

Baba, Kibondo: Binti yangu alikulia Arusha hadi miaka 6. Si maji yale?

Huenda ndiyo. Maji ya sehemu nyingi za Arusha yana floridi kupita kiasi, nayo huacha madoa, zaidi kwenye meno ya ukubwani. Uliza kama watoto wa majirani mliochota nao maji wana madoa hayohayo. Ugonjwa wa kurithi hufuata ukoo. Floridi hufuata kisima.

Bibi, Uvinza: Mjukuu wangu hakung'olewa meno ya nailoni. Ndiyo maana meno yake ni mabovu?

Shikamoo bibi. Hapana. Yanayoitwa meno ya nailoni ni chonge za kawaida za utotoni zilizo bado ndani ya ufizi. Kuzichokonoa humtoa mtoto damu nyingi, huleta maambukizi yanayoweza kumuua, na huweza kuharibu chonge ya ukubwani inayojengwa papo hapo. Nakuomba sana, bibi, wadogo zake wasiguswe.

Dada, Mwanga: Ninao, na naolewa karibuni. Wanangu watarithi?

Inategemea njia unayopita kwenu. Kuna aina ambayo mzazi mmoja mgonjwa anatosha, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50. Nyingine huhitaji jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama. Wazazi wasiougua lakini wote wawili wameibeba wana uwezekano wa asilimia 25 kila mimba. Ya tatu hupita kwenye kromosomu X, kibeba jeni ambacho baba humpa binti tu: baba mgonjwa huwapa binti zake wote, wavulana hawapi. Kwa hiyo kaa na shangazi na wajomba, andikeni nani alikuwa na meno hayo, kisha nenda na orodha hiyo kwa daktari. Mchumba wako naye mwambie sasa. Mkijaliwa mtoto, aonwe mara jino la kwanza likichomoza.