Una mimba na unaumwa? Taja mimba kwanza ndo utoe hela

Jino lilinianza usiku wa Jumapili, mimba yangu ya pili ina wiki 25. Aliyewahi kuumwa jino anajua, hulali hukai, unazunguka tu sebuleni umeshika shavu. Asubuhi nikatupia dera na mtandio nikaenda duka la dawa hapo mtaani, nikamwambia yule kijana nipe dawa ya jino, akanifungia vidonge vya diklo (diclofenac) kwenye karatasi, kimoja asubuhi kimoja jioni. Hakuniuliza kitu na mi sikumwambia kitu, tumbo limefichwa na dera, nikalipa nikaondoka. Na vilinituliza kweli, ndo maana nikavinywa siku 4 bila wasiwasi wowote.

Siku ya kliniki nesi akauliza kama anavyouliza siku zote, mama kuna dawa yoyote unatumia? Nikajibu diklo tu, za jino. Akaweka kalamu chini. Umekunywa siku ngapi, mtoto anacheza, nani kakupa, halafu akanituma altrasaundi siku ileile kuangalia maji ya mtoto. Jamani lile benchi la kusubiria sitalisahau, nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili naomba acheze tu. Maji yalikuwa sawa, namshukuru Mungu, na nesi yule namwombea mpaka leo kwa sababu alikaa akanielewesha badala ya kunigombeza.

Alichonieleza ni hiki. Diklo, brufeni (ndo ibuprofeni), naproxen na aspirini ile ya kutuliza maumivu zote ni ukoo mmoja. Mimba ikifika kama wiki ya 20 yale maji yanayomzunguka mtoto sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, sasa hizi dawa zinaweza kuzibana figo zake, mkojo ukapungua na maji nayo yakapungua. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo Oktoba 2020, wajawazito waziepuke kuanzia wiki ya 20 isipokuwa daktari ameamua. Zamani mkazo ulikuwa wiki ya 30 kwenda juu, maana kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaotakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe na hizi dawa zinaweza kuufunga mapema. Hayo madhara ya figo ni nadra, kwa hiyo kama ulishameza kimoja usikeshe unalia, acha kumeza vingine na uende ukaseme. Hata mimba changa usijinunulie hizi. Ila kama dokta kakuandikia aspirini ile ya dozi ndogo kwa ajili ya kuzuia presha ya mimba, hiyo ni kitu kingine kabisa, usiiache kwa sababu ya maneno yangu, kamuulize yeye.

Kinachobaki ni panado, yaani paracetamol ya kawaida. Vidonge vya miligramu 500, kimoja au viwili, unakaa masaa 4 mpaka 6 ndo unarudia, na visizidi 8 kwa masaa 24, kwa siku chache iwezekanavyo. Najua wengi mliogopa Septemba 2025 Trump aliposema mjamzito akiinywa inamletea mtoto usonji (autism), hata mi nilitumiwa zile video na shangazi. Shirika la Afya Duniani lilijibu siku chache tu baadae kwamba ushahidi wa hilo haujathibitika, na utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka 2024, watoto karibu milioni 2.5, walipolinganisha ndugu wa tumbo moja hawakuona uhusiano. Homa ukiiacha ipande ndo inaweza kumuumiza mtoto. Na kwetu huku homa ya mjamzito kwanza unapima malaria, usiifunike na panado wiki nzima.

Halafu someni maandishi madogo jamani, sio jina kubwa la mbele. Panadol Extra ina kafeini miligramu 65 kila kidonge, sio sawa na ile ya kawaida. Mwenye ndugu Marekani anayemletea makopo, Excedrin ya kawaida ina aspirini ndani, na ukiona acetaminophen jua ndo paracetamol ileile, ukimeza na panado juu yake umezidisha dozi bila kujua. Hata diklo ya kupaka usijipake mgongo mzima ukidhani ya ngozini haina shida, iulizie nayo.

Jino langu lilikuja kung'olewa wiki ya 27, kwa ganzi, nikarudi nyumbani kwa miguu. Kumbe mjamzito anang'olewa, nilikuwa nimeaminishwa mpaka ujifungue.

Kichwa sasa, hapa naomba mnisikilize. Mdogo wangu alinipigia usiku ana wiki 34, dada kichwa kinanigonga tangu mchana, nimekunywa panado mbili hakitulii, niongeze? Nikamuuliza unaona nyotanyota? Akasema ndio, na uso umevimba, pete haitoki. Sikumjibu habari ya panado tena, nikamwambia mwamshe shemeji mwende hospitali sasa hivi. Presha ilikuwa 160 kwa 110, mkojo una protini, ndo ile presha ya mimba, wakamlaza wakamuwekea dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Leo ana binti anatambaa. Ukiwa umevuka wiki 20, kichwa kikali kisichosikia panado, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso kuvimba ghafla, usisubiri asubuhi.

Na kama sasa hivi kuna vidonge kwenye mkoba wako na hujui ni nini, beba pakiti yenyewe au kile kikaratasi uende nacho kliniki, usiende kuelezea ni vyekundu vidogo.