Udi, Kinanda na Nyimbo za Dereva wa Lori

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kuna dereva Msomali anayekuja kupakia mzigo, na lori lake halikosi muziki. Nasikia udi kama wa taarabu, ngoma, halafu kinanda na gitaa humohumo. Anasema ni nyimbo za mapenzi. Kipi hapo ni cha asili? Kinanda hakiharibu?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo dereva ana haki kamili ya nyimbo hizo, maana aliyezianzisha naye alikuwa dereva wa lori: Abdi Sinimo, wa upande wa Borama, kaskazini-magharibi mwa nchi ya Wasomali, miaka ya 1940. Beti zake fupi za mapenzi ziliitwa balwo. Masheikh walizikemea, vijana wakazishika.

Udi ulikuja baadaye. Aliyeuingiza kwenye muziki wa Kisomali ni Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi, hapahapa kwetu, mwaka 1924, kisha akakulia Aden, kule Yemen. (Nikifika kituo cha mabasi Moshi humkumbuka, na huumia kuona tunavyomsahau.) Kwa hiyo hata huo udi unaoudhania wa kale ulikuwa mgeni siku moja. Gitaa, saksafoni na kinanda vikafuata. Miaka ya 1980 Dur-Dur Band walivipiga Mogadishu hadi watu wakacheza.

Asili yenyewe imo kwenye shairi. Sisi tunahesabu mizani na kupanga vina mwisho wa mstari. Wao huchagua sauti moja, na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Tega sikio utaisikia ikirudi, hata kama hujui Kisomali.

Kinanda sikilaumu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamuziki walitawanyika nchi za watu, na mtu mmoja mwenye kinanda akalazimika kushika nafasi ya bendi nzima. Kinachoniudhi ni ngoma ya mashine inapopandishwa hadi maneno yakazama. Wimbo wa namna hiyo mimi nauzima.

Mwombe dereva akuwekee qaraami, zile nyimbo za mapenzi za zamani: sauti, udi na ngoma, basi. Akutafsirie beti mbili tatu wakati vijana wanapakia. Ukishazizoea, ndipo umwombe Dur-Dur Band, na usikilize kinanda kinavyojibizana na mwimbaji.