Maji ya sinki la jikoni yanatoka kiduchu? Usikimbilie pampu

Naona watu wengi maji ya jikoni yakianza kutoka kiduchu wanaenda moja kwa moja dukani kuulizia bei ya pampu, na fundi nae ukimwita anaitikia haraka maana pampu ina hela. Nawaomba kabla hamjatoa hata shilingi mfungue bomba la bafuni na la nje muangalie. Kama huko yanatoka vizuri na jikoni tu ndo yanachuruzika, basi tanki halina shida, tatizo liko hapo hapo kwenye sinki na mara nyingi unalimaliza mwenyewe bila fundi.

Anzia kwenye mdomo wa bomba. Pale maji yanapotokea kuna kichujio kidogo cha wavu, kinafunguka kwa kuzungusha (ukitumia plaizi zungushia kitambaa kwanza usije ukalichubua bomba), ukikitoa utakuta mchanga, kutu, vipande vya ile tepu nyeupe ya mafundi, na kama unatumia maji ya kisima kama sisi huku Kigamboni utakuta chumvi imegandia nyeupe ngumu mpaka matundu hayaonekani. Sasa kabla hujakisafisha fungua maji bila kichujio uone. Yakitoka kwa nguvu ushapata jibu, kiloweke kwenye siki usiku kucha alafu asubuhi kisugue na mswaki mkuukuu, usikichokonoe na sindano maana wavu ukichanika ndo basi tena. Na hii inatokea sana maji ya mtaani yakirudi baada ya mgao, yale ya mwanzo yanakuja na tope na mchanga, kwahiyo yamwage kwanza kwa bomba la nje mpaka yawe meupe ndo ufungulie ndani.

Kama bila kichujio bado yanasuasua, inama chini ya sinki. Kuna valvu ndogo ukutani, hakikisha imefunguliwa mpaka mwisho, maana tunasukumiaga humo masufuria na ndoo na inajizungusha bila mtu kujua. Ifunge, fungua ile mipira ya flexi (ile inayopeleka maji toka kwenye valvu mpaka kwenye bomba la sinki), weka ndoo, alafu ifungue taratibu. Maji yakiruka kwa nguvu hapo ujue ubovu ni flexi au bomba lenyewe. Flexi usihangaike kuitengeneza, ile mpira wa ndani unavimba na kuziba njia wakati kwa nje inang'aa vizuri tu, nunua nyingine, ni bei ndogo.

Kuna kitu wauza vifaa hawatuambii na mimi kinaniuma sana nikiona mtu kajinyima akanunua bomba zuri la bei, lile la shingo ndefu lenye kichwa cha kuvuta, alafu linatoa maji kama uzi. Nguvu ya maji ya tanki inatokana na urefu, kila mita 1 ya kwenda juu inakupa kama bar 0.1 tu (bar ni kipimo cha msukumo wa maji). Tanki likiwa kwenye mnara wa mita 3 na bomba lako liko mita 1 toka chini, tanki likikaribia kuisha unapata kama bar 0.2. Sasa soma boksi la bomba, ukikuta limeandikwa kuanzia bar 1 maana yake linataka maji yawe mita 10 juu yake! Kwa nyumba zetu za tanki la mnara bomba la kawaida lenye njia pana linafanya kazi vizuri kuliko hilo la urembo, kabisa.

Na wanaojenga saivi, msikubali fundi avute PPR (yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea kwa moto) ya milimita 20 kutoka tankini mpaka jikoni. Hiyo 20 ni kipimo cha nje, ile nene ndani inabaki kama milimita 13 tu. Vuta ya 32 au 25, ya 20 iingie mwishoni karibu na sinki. Na simama pale anapochomelea, bomba la 20 linataka kama sekunde 5 kwenye mashine, akiliacha sana alafu akalisindilia, plastiki inajikunja kwa ndani na kubana njia, na ukuta ukishapigwa plasta huwezi kuona tena.

Kama nyumba nzima maji ni hafifu, angalia valvu ya kutokea kwenye tanki na tope lililokaa chini, safisha, kisha fikiria kuinua mnara. Hapo ikishindikana ndo nunua pampu, na uifunge baada ya tanki, sio kwenye laini ya mtaani, maana huko inanyonya maji ya majirani zako na pale bomba lilipopasuka inavuta na uchafu wa ardhini unakuja mpaka kwenye sufuria yako.